Vitabu vya Kale vya Hesabu

Watu hawapatani juu ya mambo ya kale. Wako wasemao kuwa ya kale ni dhahabu, na wako wasemao kuwa kipya kinyemi ingawa kidonda. Kila upande una ushahidi wake, na kila upande hushinda mahali fulani na kushindwa mahali pengine. Mimi nilikuwa mwalimu wa hesabu kwa miaka 36. Katika muda huo nilisimama upande wa kwanza kwa moyo wote, kisha nikayumba, na mwishowe nikatafuta mahali pa kusimama baina ya pande mbili. Nataka kukueleza, msomaji wangu, jinsi nilivyopafikia mahali hapo, maana safari ile ilimgharimu mtu mwingine kuliko ilivyonigharimu mimi.

Katika masika yaliyopita bati moja la paa la nyumba yangu, hapa Mombasa, lilitoboka. Maji yaliingia chumbani usiku, yakalifikia kasha ninamoweka vitabu vyangu. Asubuhi mjukuu wangu, ambaye anasoma shule ya upili, alinisaidia kuvitoa kimoja kimoja na kuvianika barazani. Kilitoka kitabu cha jiometri cha Euclid, kikatoka cha aljebra cha Hall na Knight, kikatoka cha kalkulasi cha Silvanus Thompson, na chini ya vyote kikatoka kile kitabu kizito cha G. H. Hardy, *A Course of Pure Mathematics*, majani yake yameshikana kwa unyevu na jalada limeota kuvu.

Mjukuu wangu alikishika kwa vidole viwili kama mtu anayeshika samaki aliyechina. Akasema, "Babu, vyote hivi vimo humu," akainua simu yake, "na humu havinuki. Vina kazi gani tena?"

Ulimi wangu ulikuwa tayari kumjibu kuwa ya kale ni dhahabu. Lakini nilijizuia. Swali la mtoto haliui heshima ya mzee. Kinachoiua ni jibu la hasira. Tena, nilipokitazama kile kitabu cha Hardy juani, nilimkumbuka mwanafunzi mmoja niliyemfundisha zamani, na kumbukumbu yake ikanifunga kinywa. Nilimwambia mjukuu wangu, "Nipe siku mbili nifikiri." Hayo niliyoyafikiri ndiyo nikuandikiayo.

Kwanza, nilitafuta yale yanayoweza kusemwa kwa haki upande wa vitabu vya kale.

Elimu nyingi huzeeka. Mganga wa leo hawezi kutibu kwa kitabu cha uganga cha miaka elfu mbili iliyopita, na mtaalamu wa nyota hawezi tena kufundisha kuwa jua huizunguka dunia, ingawa wenye hekima wa zamani waliamini hivyo na kuandika vitabu vikubwa juu yake. Lakini hesabu iliyokwisha kuthibitishwa vema haizeeki. Mnamo mwaka 820 hivi, katika mji wa Baghdad, Muhammad bin Musa al-Khwarizmi aliandika kitabu ambacho jina lake ndilo lililotupatia neno aljebra. Humo alionyesha namna ya kutafuta namba ambayo mraba wake, ukijumlishwa na mara kumi ya namba yenyewe, huwa 39. Jibu lake lilikuwa 3, maana 9 na 30 ni 39. Miaka 1,200 imepita. Dola zimeinuka na kuanguka. Jibu bado ni 3. Na njia yake ya kuchora mraba, kisha kuukamilisha kwa kuongeza pembe iliyopungua, ni ile ile unayofundishwa darasani kwako leo kwa jina la kukamilisha mraba.

Tazama mfano mwingine. Euclid aliandika kitabu chake mnamo mwaka 300 kabla ya Kristo, katika mji wa Alexandria nchini Misri. Humo alithibitisha kuwa namba tasa, yaani zile zisizogawanyika ila kwa moja na kwa zenyewe, hazina mwisho. Hoja yake yaweza kusemwa kwa pumzi moja. Chukua namba tasa zozote ulizo nazo, uzizidishe pamoja, kisha uongeze moja. Namba utakayoipata haigawanyiki kwa yoyote katika zile ulizozichukua, kwa sababu kila mara moja husalia. Basi ama yenyewe ni tasa, ama hugawanyika kwa namba tasa nyingine ambayo hukuwa nayo. Zidisha 2, 3, 5 na 7, kisha ongeza moja: utapata 211, nayo ni tasa. Endelea mpaka 13, na ongeza moja: utapata 30,031, ambayo si tasa, kwani ni 59 mara 509, lakini 59 na 509 zote mbili ni mpya. Hoja hii haikuhitaji kutengenezwa upya na mtu yeyote aliyekuja baadaye. Atakayeielewa leo anaielewa kama alivyoielewa mwenyewe aliyeiandika. Ni elimu chache sana zinazoweza kutukutanisha hivyo na watu waliokufa zamani.

Haya ni mazuri, nami ningeweza kukomea hapo na kufurahi. Lakini kipimo chenye sahani moja si mizani.

Nilipoiweka sahani ya pili niliona kuwa upande wa mjukuu wangu nao una uzito. Vitabu vya kale vina kurasa nyingi zilizokufa. John Napier alitangaza logarithimu mwaka 1614, na kwa zaidi ya miaka 300 wanafalaki, mabaharia, wahandisi na wanafunzi walizidisha na kugawanya kwa majedwali yake. Kitabu cha Hall na Knight, *Higher Algebra*, kilichotolewa mwaka 1887, kina sura nzima juu yake. Mimi mwenyewe nilipoteza macho yangu katika majedwali hayo. Leo kikokotoo cha mfukoni hufanya kazi hiyo kabla kalamu haijagusa karatasi. Logarithimu yenyewe haikufa, maana bado hutumika kupima nguvu za mitetemeko ya ardhi na ukali wa tindikali. Lakini ule ustadi wa kupekua jedwali hauna tena sababu ya kumla mtoto miezi yake.

Kadhalika, vitabu hivyo vimenyamaza juu ya mambo mengi ambayo dunia ya leo inayahitaji. Katika kitabu cha Hardy hutafundishwa takwimu, wala namna ya kupima uwezekano wa jambo kutokea, wala zile safu za namba zilizopangwa ndani ya mabano ambazo tarakilishi huzitumia usiku na mchana. Mwenye kusoma Hardy peke yake atakuwa kama mtu aliyejenga nyumba imara isiyo na mlango wa kutokea sokoni.

Tena, kitabu kikuu si kitabu kisichokosa. Katika jambo la kwanza kabisa la kitabu chake cha kwanza, Euclid alitaka kuchora pembetatu yenye pande tatu zilizo sawa. Alichukua mstari, akachora duara kutoka kila ncha yake, akatwaa mahali maduara yanapokutana kuwa ncha ya tatu. Kila mtu anayeitazama picha huona kuwa maduara yanakutana. Lakini kuona si kuthibitisha, na hapana neno katika misingi aliyoiweka linalolazimisha yakutane. Ufa huo ulikuwamo ndani ya kitabu kilichosomwa kuliko karibu vyote vya elimu hii, na miaka zaidi ya 2,000 ilipita kabla David Hilbert, Mjerumani, hajaiweka misingi ya jiometri upya kwa ukamilifu mwaka 1899. Kwa hiyo anayekisujudia kitabu kwa sababu ya umri wake hukikosea kitabu chenyewe, kwa kuwa hesabu haimtaki mtu asujudu. Humtaka aulize.

Katika kutafakari huko nilimfikiria pia Srinivasa Ramanujan, ambaye hutajwa kila mara watu wanapobishana juu ya jambo hili. Alizaliwa Bara Hindi mwaka 1887 katika nyumba isiyo na mali. Alipokuwa kijana wa miaka 16 hivi alipata kitabu cha mtu aitwaye Carr, mwalimu aliyekuwa akiwatayarisha wanafunzi wa Uingereza kwa mitihani. Kilikuwa mkusanyo wa maelfu ya kanuni, aghalabu bila uthibitisho kamili. Ramanujan alizishika kanuni hizo moja moja, akazitafutia njia zake mwenyewe, akazivuka, akaandika za kwake ambazo hapana aliyepata kuziona. Mwaka 1913, akiwa karani wa bandari ya Madras, alimwandikia barua Hardy, yule yule mwenye kitabu kilichoota kuvu barazani kwangu; na mwaka 1914 akaenda Cambridge kufanya kazi pamoja naye. Alifariki mwaka 1920, umri wake miaka 32, akiwa mmoja wa wanahesabu wakubwa wa karne yake.

Watu husema, "Waona, kitabu cha zamani kilimfanya mkuu." Nami husema, tazama tena. Kitabu cha Carr hakikuwa kitabu kikuu, na wala kipya hakikuwa. Kilikuwa kitabu cha kupitia mitihani. Kilimpa Ramanujan mengi, lakini kilimnyima jambo moja kubwa: hakikumfundisha uthibitisho ni nini, wala hakikumwonyesha yaliyokwisha gunduliwa na wengine katika miaka yake. Hivyo alitumia nguvu nyingi za ujana wake kuyagundua upya mambo yaliyokuwa yanajulikana Ulaya. Tena, alizama katika hesabu hata akashindwa masomo mengine, akapoteza msaada wa karo wa chuo. Kitabu kile kile kilikuwa bawa na kilikuwa mzigo. Kwa hiyo mfano wake haumalizi ubishi wetu. Hutuonyesha tu kuwa thamani ya kitabu haikai ndani ya kitabu peke yake. Hukaa baina ya kitabu na msomaji.

Hapo ndipo nilipomfikia yule mwanafunzi wangu, na hapo ndipo ilipo sehemu ya habari hii ambayo ningependa kuificha.

Lakini kwanza sharti nikueleze nilivyokipata kitabu cha Hardy. Mwaka 1974 nilikuwa kidato cha tano. Nilikinunua kwa muuza vitabu vikuukuu kwa shilingi saba, fedha ambazo nilipewa za viatu. Nilikuwa nimesikia kuwa Hardy alikiandika mwaka 1908 kwa ajili ya wanafunzi bora wa Cambridge, nami kwa kiburi cha ujana nilitaka kujipima nao. Sura ya kwanza inauliza namba ni nini. Hapo kitabu hukuonyesha kuwa hapana sehemu yoyote, hata ungeitafuta maisha yako yote, ambayo ikizidishwa kwa yenyewe huwa 2 kamili. Kisha hujenga namba mpya za kuziba pengo hilo. Nilikaa katika sura hiyo karibu mwaka mzima. Nilikuwa nikisoma ukurasa mmoja kwa wiki, na mara nyingine kwa wiki mbili, kisha nikirudi nyuma. Nilikwenda shule na viatu vilivyotoboka, lakini nilijifunza jambo ambalo hapana mtihani uliowahi kuniuliza: ya kwamba kutoelewa si aibu, bali ni mahali ambapo mtu hukaa kwa muda kabla ya kuelewa.

Jambo hilo nililijua. Lakini nilipopewa nafasi ya kumwambia mtu aliyelihitaji, sikumwambia.

Mwaka 1992 nilikuwa na msichana katika kidato cha nne, mtoto wa mvuvi, ambaye akili yake ya hesabu ilikuwa kali kuliko ya mwanafunzi yeyote niliyekuwa nimemfundisha. Jina lake nalihifadhi. Alikuwa akimaliza kazi ya darasa kabla sijamaliza kuiandika ubaoni. Siku moja, kwa mapenzi mema na kwa majivuno kidogo, nilimwazima kitabu cha Hardy. Nilimwambia, "Hiki ni kitabu cha watu wakubwa. Ukikiweza hiki, umeiweza hesabu." Sikumwambia neno zaidi.

Baada ya wiki tatu alinirudishia. Alikuwa amekifunga kwa kipande cha leso safi ili kisipate vumbi. Akasema, "Mwalimu, nashukuru. Nimejua sasa kuwa mimi si mtu wa hesabu." Nilikuwa nikisahihisha madaftari. Niliinua uso, nikasema, "Haidhuru, si kila mtu ni wa hesabu," nikarudi katika madaftari yangu. Maneno yale yalichukua muda usiozidi kumeza mate. Alipita mtihani wake, lakini hakuomba kusoma hesabu tena popote. Mimi sikulifikiria jambo hilo kwa miaka mingi.

Mwaka 2009 niliingia duka moja katika Barabara ya Biashara kununua leso. Mwenye duka alinitazama, akaniamkia, "Shikamoo, Mwalimu." Nilimwitikia marahaba, kisha nikamtambua. Wateja walikuwa wengi, naye alikuwa akihesabu bei za jozi na punguzo za jumla kichwani, bila kikokotoo na bila kukosea. Walipopungua aliniuliza, akicheka, "Mwalimu, kile kitabu bado unacho? Kulikuwa na nini hasa ndani yake? Mimi sikuupita ukurasa wa tatu."

Nilichukua kipande cha karatasi ya kufungia leso, nikachora mraba. Nikamwambia, "Sema hili ni shamba la mraba, kila upande mita 10. Eneo lake ni mita za mraba 100. Sasa kila upande uongezeke kwa sentimita moja tu. Eneo limeongezeka kwa kiasi gani?" Nilimchorea ukanda mwembamba ubavuni, ukanda mwembamba juu, na kipembe kidogo kwenye kona. Kila ukanda ni 10 mara 0.01, yaani 0.1, na kwa kuwa ni viwili jumla yake ni 0.2. Kipembe ni 0.01 mara 0.01, yaani 0.0001. Kabla sijaendelea aliweka kidole juu ya kona, akasema, "Hiki kidogo hakina maana mbele ya vile vikanda. Maji ya kifuu ni bahari ya chungu, lakini si bahari ya jahazi. Kwa hiyo shamba hukua kwa mara mbili ya upande wake, mara kile kilichoongezwa."

Msomaji wangu, kwa maneno hayo alikuwa ameutamka mlango wa kalkulasi. Ndivyo hasa Silvanus Thompson alivyoufungua katika kitabu chake, *Calculus Made Easy*, alichokitoa mwaka 1910: kwa mraba unaokua kidogo, vikanda viwili, na kona ndogo inayopuuzwa. Kitabu hicho nilikuwa nacho mwaka 1992. Kilikuwa ndani ya kasha lile lile, na mimi nilikipita nikamchukulia kile kingine, kwa kuwa kile kingine ndicho kilichokuwa na sifa.

Alinitazama kwa muda. Kisha akauliza, bila hasira, "Mwalimu, mbona siku ile hukunichorea?"

Sikuwa na la kusema. Mteja mwingine aliingia. Alinifungia leso yangu kwa karatasi nyingine, na ile yenye mraba akaikunja akaitia katika droo ya fedha. Nilitoka nje nikitembea polepole, nikihesabu miaka: 1992 mpaka 2009 ni miaka 17.

Sasa waelewa kwa nini sikumjibu mjukuu wangu upesi. Kama ningemwambia kuwa vitabu vya kale ni dhahabu, ningekuwa nimemtwika kile nilichomtwika yule mwingine. Kama ningemwambia kuwa havina kazi tena, ningekuwa nimesema uongo juu ya mwaka mzuri kuliko yote ya ujana wangu. Kwa hiyo siku ya tatu nilimwita barazani, nikachora mraba.

Alifika kwenye vikanda na kona kwa wepesi. Nilimwambia kama Thompson asemavyo, kuwa kona huachwa kwa udogo wake. Lakini yeye hakuridhika. Akasema, "Babu, ni ndogo, lakini ipo. Nani ametupa ruhusa ya kuitupa? Ukitupa kidogo hapa na kidogo pale, mwishoni hesabu si itakuwa ya uongo?"

Moyo wangu uliruka, lakini nilituliza uso. Nilimwambia atumie kikokotoo cha simu yake. Agawanye ongezeko la eneo kwa ongezeko la upande. Kwa sentimita moja alipata 0.2001 gawanya kwa 0.01, yaani 20.01. Kwa milimita moja alipata 20.001. Kwa sehemu ya kumi ya milimita alipata 20.0001. Akakaa kimya akizitazama. Kisha akasema, "Hazifiki 20 kamwe, lakini hazina pengine pa kwenda."

Nilimwambia, "Swali lako ni la haki. Thompson hakulijibu vizuri, kwa kuwa alitaka tu kukuingiza ndani. Yuko aliyelijibu." Nikakichukua kile kitabu chenye kuvu, nikafungua zile sura za vikomo, nikamweleza kwa Kiswahili maana yake. Huhitaji kuitupa kona. Huhitaji hata kusema kuwa ni ndogo. Wewe niambie tu unataka ukaribu gani na 20, nami nitakuambia ongezeko liwe dogo kiasi gani. Ukitaka tofauti isizidi sehemu moja ya elfu, basi ongezeko la upande lisizidi sehemu moja ya elfu ya mita. Ukitaka sehemu moja ya milioni, nami nina jibu. Kwa kuwa siwezi kushindwa kwa ukaribu wowote utakaoutaja, 20 ndiyo kikomo, na hapana kilichotupwa wala kilichofichwa.

Akanyoosha mkono akitaka kitabu. Kabla sijampa nilimwambia yale niliyopaswa kuyasema mwaka 1992. "Ukurasa huu," nilisema, "ulinichukua wiki mbili nilipokuwa mkubwa kuliko wewe. Ukikuchukua mwezi, usidhani una kasoro. Njoo tuulizane."

Hilo basi ndilo jibu langu, msomaji, nami nakupa wewe pia. Vitabu vikuu vya kale vya hesabu bado vina faida, lakini si kwa kila mtu, wala si kwa kila siku. Kitabu cha namna ya Hardy ni jibu. Mpe jibu mtu ambaye hajauliza, naye ataliona kuwa ukuta. Mpe baada ya swali kumkereketa, naye ataliona kuwa mlango. Kwa hiyo usianze elimu yako kwa kitabu chenye sifa kubwa. Anza kwa kitabu kinachokueleza, kiwe cha jana au cha leo, na kishike kitabu chako cha darasa kwa bidii, maana hicho ndicho kilichopangwa kwa mtihani wako. Lakini siku swali litakapokukaa moyoni, nawe ukaona kuwa kitabu cha darasa kimelipita haraka, hapo tafuta wazee. Kwa hilo mjukuu wangu alisema kweli: kitabu cha Thompson na matoleo ya zamani ya kitabu cha Hardy hupatikana bure katika intaneti, nawe waweza kuyasoma kwa simu. Ubishi wetu haukuwa juu ya karatasi na simu. Ulikuwa juu ya nani anasoma, na kwa swali gani.

Ukivisoma, soma na penseli mkononi. Usiupite mstari kwa sababu tu umechoka nao. Alama zikiwa ngeni, mwulize mwalimu wako, kwani lugha ya hesabu nayo hubadili mavazi. Ukurasa mmoja kwa wiki si mwendo wa mjinga. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Na ukiwa umeelewa, usiwe kama mimi nilivyokuwa. Usimpe mwenzako kitabu kizito ukanyamaza. Mwambie ulikaa wapi, ulikwama lini, na ilikuchukua muda gani.

Paa langu limekwisha tengenezwa. Vile vitabu vingine nimevirudisha kashani. Kile cha Hardy kiko chumbani kwa mjukuu wangu, jalada limefutwa kuvu, na penseli iko ndani yake, bado karibu na mwanzo. Kitabu cha Thompson nilikifunga kwa kipande cha leso mpya, nikakipeleka Barabara ya Biashara. Niliambiwa kuwa mwenye duka amesafiri, nami nimekiacha kwa binti yake, pamoja na karatasi yenye mraba uliochorwa.